Wanataka niape kwamba ni jeraha lililopiga, si mdogo wangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dada mkubwa katika familia ya watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni kitindamimba wetu, ana miaka 27. Miaka mitatu iliyopita alianguka na pikipiki akagonga kichwa upande wa mbele. Alilala siku nne bila fahamu. Alipozinduka tulishukuru, tukajua yameisha. Alitembea, alizungumza, alitukumbuka wote kwa majina. Karatasi aliyopewa siku ya kutoka hospitali ilisema anaendelea vizuri, asinywe pombe, arudi kliniki baada ya mwezi.

Aliyerudi nyumbani, Shangazi, ana sura ile ile na sauti ile ile, lakini si yule. Zamani alikuwa mtu wa utani, hata ukimuudhi anacheka anaenda zake. Sasa mtoto akiangusha kijiko anaruka kama ametukanwa. Anasema maneno ya aibu mbele ya wakwe. Kazi mbili amefukuzwa. Siku moja sufuria iliungua mpaka moshi ukajaa nyumba nzima, naye amekaa mlangoni mwa jiko anachezea simu, wala hakuinua kichwa. Tulimwita mvivu. Mimi mwenyewe aliwahi kunisukuma nikagonga ukuta, lakini hilo si la kuandikia barua.

Miezi mitano iliyopita alirudi jioni amekunywa kidogo. Jirani alikuwa amefungulia redio kwa sauti kubwa. Mdogo wangu akachukua mpini wa jembe nyuma ya mlango, akatoka, akampiga yule baba mpaka mkono ukavunjika mahali pawili. Mimi nilikuwa nimesimama barazani. Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi: alirudi ndani, akauegemeza mpini pale pale alipoutoa, akakaa, akavuta sahani yake akaanza kula. Halafu akatutazama, akauliza, "Mbona mmenyamaza?"

Sasa ana kesi ya kujeruhi. Wakili anasema utetezi utasimama juu ya jeraha la ubongo, na mimi ndiye shahidi wa kueleza alivyobadilika. Mama anataka niseme kwamba tangu azaliwe hajawahi kumnyooshea mtu mkono. Si kweli. Akiwa na miaka 18 alimpiga mwenzake shuleni akamtoa jino, wazazi wa pande mbili wakakaa wakayamaliza. Mama anasema yaliyokwisha hayafukuliwi.

Na kuna jambo ambalo hata Mama halijui. Wiki tatu hivi kabla ya tukio, asubuhi, ametulia kabisa, aliniambia: "Dada, nikinywa hata kidogo kichwa kinajaa nyuki. Siku nyingine mkiniona hivyo nifungieni nje." Nilicheka, nikamwambia basi acha kunywa. Hakuacha. Nami sikufuatilia, na kliniki tulishaacha kumpeleka siku nyingi kwa sababu hataki, anasema haumwi.

Yule jirani hakuwa na kosa. Mkewe bado ananisalimia, na salamu yake ndiyo inayoniumiza zaidi. Nikisimama niseme ni ugonjwa, naona kama namwambia mumewe kwamba mkono wake haukuvunjwa na mtu. Nikisema alijua anachofanya, maana aliurudisha mpini mahali pake, nitakuwa nimemfunga mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisa cha nyuki nikiseme au nikimeze? Na hasa, Shangazi, ni nani aliyempiga yule baba?

Dada Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile sufuria. Wewe umeipita mbio, mimi ndipo niliposimama.

Mfupa ulio juu ya macho, ule ambao ubongo wa mbele umeulalia kama sakafu, si laini. Una matuta na kingo. Kichwa kinapogonga kitu na kusimama ghafla, ubongo ulio ndani bado uko safarini, unajikwaruza pale. Na pale pale ndipo zinapopita nyuzi nyembamba za kunusa, zinazotoka puani kupanda juu. Mara nyingi huumia pamoja: nyuzi zinakatika, harufu inapotea, na sehemu ya ubongo iliyo jirani nazo inapondeka. Sehemu hiyo ndiyo breki ya mtu. Ndiyo inayomzuia asiseme kila linalomjia mbele ya wakwe, na asinyanyue mkono kila anapoudhika. Mtu asiyesikia harufu ya kitu kinachoungua hatua mbili kutoka puani pake huenda hakuwa mvivu hata kidogo. Peke yake haithibitishi kitu, maana pua hupoteza kazi kwa sababu nyingi. Lakini mweleze wakili leo, naye amfikishie daktari wa ubongo. Kipimo cha kunusa ni kitu kidogo sana, itakuwa hasara kikisahaulika.

Mwulize pia wakili ana vipimo gani mkononi. Kama anategemea picha ya CT (eksirei ya kichwa kwa kompyuta) ya siku ya ajali tu, hana kitu kikubwa. Picha ile kazi yake ilikuwa kutafuta damu inayovuja na mfupa uliopasuka, ili madaktari waokoe maisha. Nyuzi za ubongo zilizochanika kwa mtikisiko zinaweza zisionekane humo kabisa. Aombe MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha nyama ya ubongo kwa undani zaidi, na aombe mtaalamu wa saikolojia ya ubongo akae na mgonjwa saa kadhaa, ampe kazi za kupanga, za kusubiri, za kujizuia, aone anashindwa wapi. Mtu wa namna hii akikaa mbele ya daktari dakika kumi katika chumba kimya anaweza kuonekana mzima kuliko wewe na mimi. Na akisema haumwi, si lazima awe anadanganya. Sehemu iliyoumia ndiyo ambayo angeitumia kuliona jeraha lenyewe. Hata lile swali lake, "Mbona mmenyamaza?", lina nafasi hapo. Ndiyo sababu wanakuhitaji wewe. Hakuna mashine inayoweza kueleza alikuwaje kabla ya pikipiki.

Tukija kwenye mpini, vumilia kidogo, nitakupeleka mbali nikurudishe. Mwaka 1843, London, mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama tawala kinamwinda. Drummond akafa. Mahakama ikamwona M'Naghten hana hatia kwa sababu ya wendawazimu. Watu wakachachamaa, na majaji wakatakiwa waseme kipimo ni kipi. Jibu lao ndilo linalotumika mpaka leo, kwa maneno yanayofanana, katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza: mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu mpaka athibitishe kwamba, kwa maradhi ya akili, hakujua anachofanya, au alijua lakini hakujua kwamba ni kosa.

Angalia neno walilolishika: kujua. Majaji wale walikuwa wakimfikiria mtu anayeona maadui wasiokuwepo. Mtu aliyekatika breki hawakumuuliza habari zake. Mwaka 2003 madaktari wa Virginia, Marekani, waliandika kisa cha mwalimu wa miaka 40 ambaye ghafla alianza kuwatamani watoto, jambo ambalo hakuwa nalo, mpaka akatiwa hatiani. Baadaye wakakuta uvimbe mkubwa sehemu ile ile ya mbele, juu ya macho. Ulipotolewa, tamaa ikaondoka. Ikarudi baada ya miezi. Kupima, uvimbe umeota tena. Na muda wote huo alikuwa akijua fika kwamba ni vibaya. Kujua kulibaki salama, kujizuia ndiko kulikoliwa.

Kwa hiyo mpini kurudishwa mahali pake hakuniambii mengi kama kunavyokuambia wewe. Mdogo wako alijua mpini unakaa wapi, na mkono ulifanya kazi uliyoizoea. Mwendesha mashtaka atausema sana mpini huo, ana haki ya kuusema, na kwa kipimo cha 1843 unambana. Sidhani kama wakili wako anatafuta mdogo wako aonekane mwendawazimu kisheria. Na akifanikiwa hilo, usidhani kijana atatoka na mabegi yake siku hiyo hiyo. Kwa kawaida hupelekwa kuzuiliwa hospitalini, na mwisho wake mara nyingi haujulikani. Nadhani anachotafuta ni hakimu akubali kwamba kosa limetendeka lakini breki ilikuwa mbovu, ampunguzie adhabu na amwekee masharti ya matibabu. Mwulize waziwazi ni lipi kati ya hayo mawili. Mwulize pia amejipangaje hoja ikigeuka, maana hakimu mwingine akisikia ubongo umeharibika na hautapona, husema basi huyu ni hatari, akae ndani zaidi.

Sasa lile swali lako la mwisho. Aliyempiga yule baba ni mdogo wako.

Sisemi hivyo kwa ukali. Siku hizi imekuwa fasheni watu kunyooshea kidole picha ya ubongo na kusema "hiki ndicho kilichofanya". Kwani wewe na mimi tunafanya mambo yetu kwa kutumia nini, magoti? Kila tendo linapita ubongoni, la mtakatifu na la jambazi. Kwenye picha hakuna kipande kilichoandikwa "nia". Picha inaweza kuonyesha breki imechakaa kiasi gani. Gari lilikuwa likielekea wapi, na kwa nini liliwashwa, ni maswali mengine.

Hapo ndipo nyuki wanapoingia, na hapo nitachukua muda wangu.

Mwaka 1955 huko Buffalo, jimbo la New York, mwanamume mmoja mwenye kifafa alipatwa na kifafa akiwa kwenye usukani, gari likapanda njia ya waenda kwa miguu likaua watoto wanne. Kesi ya mtu huyo, Decina, mwaka uliofuata, ilifika mahakama ya rufani ya jimbo. Hakuna aliyedai kwamba mtu anaweza kujizuia wakati kifafa kimempanda. Mahakama ilirudi nyuma, kwenye saa aliyoingia garini: alikuwa mzima, alijua ana kifafa, alijua kinaweza kumjia, na bado akaendesha peke yake. Ikaamua kwamba anaweza kushtakiwa kwa hilo.

Mimi naona hivyo hivyo kwa mdogo wako. Ule wakati mpini uko hewani, sijui kama alikuwa na nafasi ya kuuzuia, na wataalamu watabishana mpaka jioni. Lakini asubuhi ile alipokuwa ametulia alikuwa nayo. Aliijua hatari yake na akaitaja kwa lugha nzuri kuliko ya daktari. Alijua kinachowaamsha nyuki ni pombe, na karatasi ya hospitali ilishamkataza. Kisha akanywa. Hapo ndipo wajibu wake ulipo. Mahakama nyingi pia hazipokei ulevi wa kujitakia kama udhuru, kwa hiyo jiandaeni kuulizwa juu ya hicho "kidogo" alichokunywa.

Lakini sikiliza maneno yake tena: "nifungieni nje." Huyo ni mtu aliyetumia saa yake ya utulivu kuomba msaada kwa ajili ya saa mbaya anayoijua inakuja. Hilo nalo ni ushahidi, na unamfaa. Hakimu anayefikiria kati ya jela na matibabu atataka kujua kama kijana huyu anapotulia ana uwezo wa kuliona tatizo na kukubali kuzuiwa. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumwambia kwamba aliwahi. Kwa hiyo usikimeze. Kipeleke kwa wakili kwanza, chote, pamoja na kicheko chako. Yeye ndiye atakayejua kinaingiaje. Ukiulizwa chini ya kiapo, unakisema kama ulivyoniandikia mimi, bila kukipaka rangi. Ulicheka kwa sababu ulidhani ni utani wake wa zamani. Hutashtakiwa kwa kucheka.

Jino nalo liseme. Mwendesha mashtaka akilipata kwa njia yake, na mtu aliyetolewa jino halisahau, atakuuliza kwenye maswali ya dodoso mahakamani: "Shahidi, si uliapa kwamba hajawahi?" Kuanzia hapo hata habari ya sufuria haitaaminika. Atakuwa na hoja nyingine pia. Waliopima wafungwa katika nchi mbalimbali wamekuta takriban nusu yao, pengine zaidi, waliwahi kuumia kichwa. Lakini wengi mno walioumia kichwa hawajawahi kumgusa mtu, na watu wagomvi ndio hao hao wanaopigwa vichwani. Kipi kilitangulia? Jibu lako ni kalenda tu. Ngumi moja akiwa na miaka 18. Miaka mingine mpaka ajali, hakuna. Baada ya ajali, orodha. Ukiificha ile moja, orodha nzima inakosa mizani.

Mweleze Mama hivi hivi, kwa upole. Anataka mtoto wake wa zamani awe malaika ili wa sasa aonekane mgonjwa. Wengi wanapenda simulizi za namna hiyo. Hata Phineas Gage, yule msimamizi wa kazi za reli ambaye mwaka 1848 chuma cha zaidi ya mita moja kiliingia chini ya shavu kikatokea utosini, husimuliwa kama malaika aliyegeuka mnyama. Daktari wake aliandika kweli kwamba rafiki zake walisema si Gage tena. Wasimulizi husahau kwamba baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi ya saa, ya subira, na ya watu. Alibadilika, ila hakuisha. Nakuomba umwone mdogo wako hivyo ukiwa kizimbani: mtu aliyebadilika ambaye bado yupo.

Usiseme "ni ugonjwa". Wewe si daktari. Usiseme "alijua". Hukuwa ndani ya kichwa chake. Chukua daftari leo, andika ulichokiona kwa macho, na tarehe kadiri unavyokumbuka: kijiko, wakwe, kazi mbili na sababu za kufukuzwa, sufuria, siku mliyoacha kliniki, nyuki, redio, mpini, sahani. Mkono uliovunjika mahali pawili uandike pia, kwa ukubwa wake. Ukieleza vyote hivyo, yule baba hatakuwa ameambiwa kwamba mkono wake haukuvunjwa na mtu.

Kuhusu mkewe, rudisha salamu. Usiende kwao na bahasha ya pole wala maombi ya msamaha kabla ya kumuuliza wakili, kwa sababu yule baba ni shahidi, na ndugu wa mshtakiwa akionekana mlangoni kwake inaweza kusomeka kama kumrubuni. Wakili akiona njia, gharama za matibabu ya mkono zinaweza kuzungumzwa kwa utaratibu. Mimi ningependa zizungumzwe mapema, bila kungoja hukumu, na ningependa mdogo wako achangie kutoka mfukoni mwake hata kama ni kidogo.

Na kabla hajarudi nyumbani, kwa dhamana au baada ya yote, kaeni mkubaliane nani anampeleka kliniki, nani anashika funguo, na ile "nifungieni nje" inatekelezwaje bila mtu kuumia. Mkubaliane naye akiwa ametulia, aseme mwenyewe, muandike.

Umeweka mstari mmoja juu ya kusukumwa ukagonga ukuta, ukasema si la kuandikia barua. Liandike kwenye daftari, na tarehe yake. Halafu unijulishe ulikuwa umemwambia nani kabla yangu, na siku hizi unalala chumba kipi.

Shangazi